Mjadala: Nyumba za kale za Cotswold zitunzwe kwa gharama ya nani?

Wadau, salaam. Nahudumia wazee majumbani katika vijiji vya Cotswold, Uingereza. Bibi mmoja ninayemwangalia anaishi kwenye nyumba ya mawe yenye umri wa karne tatu hivi, iliyo kwenye orodha ya serikali ya majengo ya kale yanayolindwa, daraja la pili, kama yalivyo zaidi ya tisa ya kumi ya majengo ya kihistoria yaliyoorodheshwa England. Madirisha yake ni ya kioo kimoja chembamba. Januari nzima hashindi kwingine ila jikoni, na blanketi mbili mapajani. Aliomba kuweka vioo vya tabaka mbili akakataliwa, kwa kuwa sura ya nyumba ingebadilika. Akibadilisha bila kibali ni jinai. Sheria ya 1990 inaruhusu hata kifungo cha miaka miwili.

Kinachoniuma zaidi ni kodi. Nyumba mpya hujengwa kwa VAT ya asilimia 0. Kukarabati ya bibi ni asilimia 20. Hadi 2012 mabadiliko yenye kibali kwenye nyumba kama hizi yalikuwa na nafuu hiyohiyo ya asilimia 0, kisha ikaondolewa. Yaani anaamriwa kutunza, na akitunza anatozwa! Nasema nafuu irudi, na hata ukarabati wa kawaida uingizwe. Vioo navyo viruhusiwe. Mnasemaje?

Fundi Mawe: Dada, pole kwa bibi. Kwenye kodi niko nawe. Kwenye vibali, hapana. Ukuta wa zamani ni mawe na chokaa, unyevu huingia na kutoka. Mtu akija na lipu ya saruji, maji hunaswa ndani na jiwe huanza kumomonyoka. Nimebandua saruji za namna hiyo kwa mikono yangu, na kila aliyeipiga aliamini anaboresha. William Morris alianzisha chama cha kutetea majengo ya kale mwaka 1877, akiwa amekerwa na ukarabati wa kanisa la Burford, hukohuko Cotswold. Bila ulinzi, Arlington Row, ile safu ya nyumba za kale za mawe kijijini Bibury, isingekuwepo leo.

Mwanzisha mada: Ahsante, kaka. Saruji nakubali kabisa, ipigwe marufuku. Ila Arlington Row umenisaidia mimi. Ilijengwa karne ya 14 kuwa ghala la sufu, na karne ya 17 ikagawanywa kuwa makazi ya wafumaji. Wangezuiwa kuigusa, nani angeishi humo na kuziba paa lilipovuja? Nyumba isiyokaliwa huanguka. Wewe ni fundi, hebu nijibu hili: kioo cha pili kikiwekwa upande wa ndani, dirisha la kale lisiguswe hata msumari, ukuta utadhurika wapi? Nataka nimpelekee bibi jibu lako kabla baridi haijaanza.