Feni zinanyonya milango, nahitaji hita ya hewa ya kuingiza: kilowati ngapi?

MlangoMgumu
Wakuu, heshima kwenu. Nasimamia karakana ya kukata na kuchomelea vyuma, mita 40 kwa 25, kimo mita 7. Ukutani kuna feni 3 za kutoa moshi, kila moja kibati chake kinasema mita za ujazo 8,000 kwa saa. Feni ya kuingiza hewa hakuna hata moja. Msimu wa baridi nje hushuka hadi nyuzi 8 chini ya sifuri, na hapo ndipo shida inapoanza: mlango wa watu unafunguka kwa kusukumwa na bega, upepo wa barafu unapita miguuni, na moshi bado unaelea juu ya meza.

Nataka hita ya gesi ya moto wazi, ile ambayo moto unawaka ndani ya mkondo wenyewe wa hewa, haina dohani. Maswali mawili tu: kilowati ngapi, na je, naweza kuchukua nusu ya hewa kutoka ndani ili nisiunguze gesi nyingi?

KonaYaNyuma
Mlango ukikataa kufunguka ujue jengo limewapenda. Nakaa hapa nasubiri wataalamu.

Kipimajoto
Hesabu ni nyepesi. Feni 3 ni 24,000 kwa saa, gawa kwa 3,600 upate mita za ujazo 6.67 kwa sekunde. Zidisha kwa 1.2 (kilo za hewa katika mita moja ya ujazo), kisha kwa tofauti ya joto. Kutoka −8 hadi 17 ni nyuzi 25. Jibu ni kilowati 200. Usiongeze za "akiba" kwa mazoea, kwa sababu hita kubwa kupita kiasi inawaka na kuzima siku za vuguvugu. Hita za moto wazi zinashuka vizuri, hata hadi sehemu moja ya 25 ya nguvu yake, ila ukinunua yenye kibadilisha joto na dohani basi tegemea ufanisi wa karibu asilimia 80. Maana yake unaunguza kilowati 250 kupata hizo 200.

Halafu 17 ni ya nini? Wachomeleaji wanafanya kazi ya nguvu na mashine zinatoa joto. Anza na 15, uone kama kuna atakayelalamika.

PunguzaKwanza
Mimi sijibu swali la kilowati kwa sababu ni swali la pili. Swali la kwanza ni kwa nini unatoa hewa 24,000. Feni ya ukutani inafukuza hewa safi iliyopashwa pamoja na moshi kidogo. Mkono wa kunyonyea wa kipenyo cha milimita 160, mdomo wake ukiwekwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye weldi, unahitaji kama 1,000 kwa saa. Mna wachomeleaji wangapi kwa wakati mmoja?

MlangoMgumu
6, mara chache 7.

PunguzaKwanza
Basi 7,000 badala ya 24,000. Kwa hesabu ya Kipimajoto inakuwa kama kilowati 58. Bakiza feni moja ya ukutani kwa mwendo mdogo kwa ajili ya mabaki, na bado hufiki nusu ya ile hita. Ila lazima fundi asogeze mdomo kila anaposogeza weldi. Ukikaa sentimita 60 mbali, mkono huo ni pambo.

MzeeWaDakti
Kijana, kabla ya kununua chochote, pima. Chukua manomita ya kuinama (kipima shinikizo cha hewa), mrija mmoja ndani, mwingine nje mahali pasipo na upepo. Washa feni zote, funga milango. Kisha fungua geti kubwa, upime upepo kwenye mdomo wa feni moja. Geti likiwa wazi feni ikivuta zaidi kuliko lilipofungwa, jengo lina njaa ya hewa. Feni za panga za ukutani hazina nguvu ya kupambana na upungufu wa shinikizo. Zinazunguka vilevile, kelele ileile, hewa haiendi.

Na unijibu hili: kuna kifaa chochote cha gesi humo ndani chenye dohani ya kawaida, isiyo na feni?

MlangoMgumu
Shikamoo mzee. Nimepima asubuhi hii. Manomita inasoma paskali 20 upungufu. Kwenye feni: geti likifungwa kila moja inatoa kama 6,100, likifunguliwa 7,600.

Kifaa cha gesi, ndiyo, kuna hita ya maji ya kuogea chumba cha kubadilishia nguo. Lakini ile haihusiani na karakana, kuna mlango katikati.

MzeeWaDakti
Marahaba. Inahusiana sana. Dohani ya asili inavuta kwa paskali chache tu. Ndani pakipungua kwa 5 moshi wake unaweza kugeuka na kurudi chumbani. Wewe una 20, na mlango wa katikati una mwanya chini. Anayeoga anavuta kaboni monoksaidi na haina harufu. Zima hiyo hita ya maji leo, si wiki ijayo, na uweke king'ora cha kaboni monoksaidi humo. Washa kiberiti kwenye mdomo wa juu wa hita hiyo feni zikiwa kazini: ulimi wa moto ukiinama kuelekea kwako, umeona mwenyewe.

Kuhusu geti: mita 4 kwa 4 ni mita za mraba 16, mara 20 ni nyutoni 320. Hizo ni kama kilo 32 zinazolivuta ndani. Likiachiwa ghafla linavunja mtu mkono.

Mvuke_Safi
Mbona hakuna anayetaja koili ya mvuke, yaani mabomba ya mvuke yanayopasha hewa inayopita? Kama kuna bwela (mtambo wa kuchemsha maji kupata mvuke) hapo, koili ndiyo mfalme, moto hauingii ndani ya jengo kabisa. Tatizo lake ni kuganda. Watu wanapunguza mvuke kwa valvu siku ya baridi, shinikizo ndani ya koili linashuka chini ya lile la nje, maji yanabaki kwenye mabomba ya chini, yanaganda, bomba linapasuka. Dawa: acha mvuke wazi wote na udhibiti joto kwa dampa (vibao vya kufungua na kubana hewa) za kupitisha hewa kando ya koili, weka kivunja ombwe (valvu inayoingiza hewa shinikizo likishuka), mtego wa mvuke (unaotoa maji na kuzuia mvuke) ukae chini ya koili si sambamba nayo, na thamostati ya kuzuia kuganda iwe na waya mrefu uliotambaa upande mzima wa koili, kwa sababu kona moja tu ndiyo inayoganda.

KonaYaNyuma
Mkuu hana bwela. Ana mlango mgumu.

BibiValvu
Narudi kwenye swali la pili, ambalo mmeliruka wote. Nusu ya hewa kutoka ndani, kupitia moto wazi. Mleta uzi, ndani kuna nini zaidi ya moshi wa weldi? Rangi? Thina? Kuosha grisi?

MlangoMgumu
Mambo madogo madogo tu ya kusafisha. Shida nyingine niliyosahau kuitaja: vyuma vilivyosafishwa jioni vinaamka na kutu ya rangi ya chungwa. Nilidhani hewa moto itakausha unyevu na tatizo litaisha.

BibiValvu
"Madogo madogo" ndiyo yaleyale ninayoyaulizia. Vinasafishwa kwa kutumia nini? Na kutu inatokea karakana nzima au upande mmoja?

MlangoMgumu
Upande mmoja, chini ya hita 2 ndogo za gesi za kuning'iniza, zile zisizo na dohani, tunazotumia sasa. Kusafisha ni tangi la traikloroethilini (kiyeyushi cha grisi chenye klorini), linachemshwa, vyuma vinaning'inizwa kwenye mvuke wake. Lina feni yake ndogo. Tangi halina ubaya, lipo siku zote.

BibiValvu
Hapo sasa.

Mvuke wa traikloroethilini ni mzito mara 4 na nusu kuliko hewa. Unamwagika ukingoni mwa tangi na kutambaa sakafuni, halafu upepo wenu wa miguuni unausambaza. Ukikutana na moto wazi unavunjika kuwa gesi ya asidi ya haidrokloriki, na kidogo fosijini, gesi ya sumu kali. Asidi inatua kwenye chuma kisicho na rangi: ndiyo kutu yenu. Mapafu ya watu yanapata fungu hilohilo. Mwanga mkali wa weldi nao unavunja mvuke huo bila moto wowote. Lowesha karatasi ya kupimia asidi, ipitishe juu ya chuma chini ya hita, kisha nyingine upande wa pili wa jengo. Linganisha rangi.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hapana. Si nusu, si robo.

Kipimajoto
Nafuta maneno yangu ya "hita za moto wazi zinashuka vizuri". Nilidhani ni karakana ya weldi tu.

MlangoMgumu
Wakuu, naelewa, ila nisikilizeni. Hita imeshalipiwa, iko njiani. Tundu la kuingizia hewa limeshakatwa ukuta wa nyuma. Na aliyeiuza alisema gesi inaungua safi. Nikichukua hewa yote nje moto hautagusa mvuke wa tangi, si ndiyo?

MzeeWaDakti
Karibu iwe ndiyo. Feni ya tangi inatoa wapi?

MlangoMgumu
Ukuta huohuo wa nyuma. Mita 3 hivi pembeni.

ChaiMaziwa
Jamani, hii ni chai, tena ya rangi. Angalieni: feni 3 sawasawa, jibu kilowati 200 kamili bila chenji, shinikizo 20 kamili. Kila akiulizwa linatoka jambo jipya lenye sumu zaidi: kwanza mlango, kisha hita ya maji, kisha tangi, sasa tundu la kuingiza hewa liko jirani na la kutoa mvuke wa tangi. Msimamizi anayemiliki manomita ya kuinama hajui traikloroethilini ni nini? Mtu anatunga mtihani hapa na nyinyi mnamjibia.

KonaYaNyuma
Kama ni mtihani naomba majibu ya swali la pili kabla sijatoka.

PunguzaKwanza
Hata mimi 20 ilinishtua. Lakini namba ya kilowati ilitoka kamili kwa sababu Kipimajoto alichagua 17. Angechagua 18 ingekuwa 208. Na anayetunga hawezi kukumbuka kuandika 6,100 na 7,600. Angeandika 8,000 geti likiwa wazi, kama kibati.

ChaiMaziwa
Basi aeleze kwa nini haikufika 8,000.

MlangoMgumu
Sijui kwa nini. Mikanda imelegea labda, na shata za nje zina matope ya moshi, mbili hazifunguki hadi mwisho. Manomita ni ya kuazima, mwenye nayo anaitaka Ijumaa.

ChaiMaziwa
Shata zilizoganda matope. Sawa, hilo halitungwi. Nimekaa.

BibiValvu
Tuendelee. Umefungwa na hita, lakini hukufungwa na tangi. Badili tangi: kuosha kwa maji ya alkali ya nyuzi 60 hadi 70, suuza, pulizia hewa kavu, na weka dawa ya kuzuia kutu kwenye maji ya suuza la mwisho, maana chuma kitupu kikikaa na maji kinapata kutu ndani ya dakika chache. Mvuke wa traikloroethilini ukishaondoka, hita ya moto wazi inakubalika kwa masharti: hewa yote ya nje, dampa ya kurudisha hewa iondolewe kabisa isije ikafunguliwa na mtu mwenye huruma na gesi, na zile hita 2 za kuning'iniza zishuke.

Tangi likibaki hata kwa miezi michache, hita isiwashwe.

Kipimajoto
Na ujue unachoingiza. Kilowati 200 ni kama mita za ujazo 20 za gesi kwa saa. Zinatoa mita za ujazo 20 za kaboni dayoksaidi, yaani zaidi ya sehemu 800 kwa milioni juu ya ile ya nje, na kama lita 32 za maji yakiwa mvuke. Haikaushi chuma, inakiongezea unyevu. Usipunguze hewa kwa kubana dampa: hewa lazima ipite kwenye kichomeo kwa mita 13 hadi 15 kwa sekunde hivi, ikipungua moto unaungua vibaya na kutoa kaboni monoksaidi. Swichi za mtiririko ziwe mbili, ya chini na ya juu, na mtu asiziunganishe kwa kipande cha waya.

MzeeWaDakti
Feni za kutoa na hita zifungwe pamoja kwenye umeme: feni za kutoa hazijawaka, hita haiwaki. Mdomo wa kutoa hewa ndani uwe mita 2.5 hadi 3 juu ya sakafu, usielekee meza za weldi; upepo ukipita kwenye bunduki ya weldi gesi ya kinga inapeperuka na weldi inatoka na vitundu. Wapulizie njia ya katikati, hewa iende yenyewe taratibu kuelekea meza. Ingiza kidogo pungufu ya unachotoa, moshi usihamie ofisini.

Tundu la kuingizia lihamie ukuta wa pili, juu, mbali na geti la malori.

MlangoMgumu
Hita ya maji nimeizima. Zile 2 za kuning'iniza nazishusha kesho, vijana watanuna. Kuhusu tangi naenda kuongea na mwenye karakana. Tundu la zamani nilizibe kwa bati?

MzeeWaDakti
Bati mbili, sufi ya madini katikati, silikoni kuzunguka ukingo. Bati moja litatoa jasho na maji yatashuka kwenye swichi iliyo chini yake, kama ipo.

MlangoMgumu
Ipo.