Tupeane uzoefu: Kufuga mbwa ukiwa bado unasoma, inawezekana?

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa pili chuoni, nimepanga chumba kimoja. Kuna jamaa ananipa mtoto wa mbwa bure, ana wiki nane. Roho inataka, akili inasita. Siku nyingine natoka alfajiri narudi giza limeshaingia. Waliofuga wakiwa wanasoma, njooni, na msinifiche machungu.

Mdau 1: Mkuu, mimi nilichukua wa umri huo huo. Mtoto wa mbwa hubana mkojo kama saa moja kwa kila mwezi wa umri wake, kwa hiyo huyo wako ni saa mbili, basi. Wewe unashinda nje kutwa. Nilikuwa nadeki asubuhi, mchana natoka kipindini mbio nadeki, jioni tena. Nikamchapa mara moja. Alichojifunza ni kukojoa nyuma ya kitanda nisikoona. Kufika miezi minne anang'oa meno ya utoto, kila kitu anatafuna. Alimaliza kandambili zangu, za kushoto tu, mpaka leo sielewi. Waya wa kompyuta aliukata usiku wa kuamkia mtihani.

Mdau 2: Mwenye nyumba umemuuliza?

Mleta mada: Bado. Naogopa jibu.

Mdau 2: Basi jibu unalo. Mimi nilipewa siku saba, atoke mbwa au nitoke mimi.

Mdau 3: Naomba nitofautiane nanyi. Mimi nimemaliza chuo na mbwa wangu. Ila sikuchukua mtoto, nilichukua jike wa miaka mitano ambaye mmiliki wake alikuwa anahama. Alishafunzwa, mchana analala tu. Wakati wa mitihani ndiye aliyenitoa kitandani, tunatembea nusu saa, nikirudi kichwa chepesi. Lakini tuliishi watatu, ratiba zetu tumezibandika mlangoni, hakukaa peke yake zaidi ya saa nne. Ningekuwa peke yangu nisingethubutu.

Mdau 4: Hakuna cha bure hapo. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16, bado ya kichaa cha mbwa. Wangu nilimkosesha sindano ya pili, nilikuwa na majaribio wiki ile, nikasema nitampeleka ijayo. Akaanza kutapika, kisha kuhara damu. Siku ya tatu hakuamka. Sijafuga tena.

Mdau 5: Na likizo je? Mafunzo kwa vitendo? Chuo ni miaka mitatu minne, mbwa anaishi 10 hadi 13. Wangu nilimwacha kwa mama "kwa muda". Siku hizi nikienda nyumbani ananibwekea mimi kama mwizi.

Mleta mada: Nimeenda kwa mwenye nyumba. Hata hakujibu la mbwa, kaniuliza kodi ya mwezi uliopita. Jamaa nimemwambia atafute mtu mwingine.