Nizwa kwenda na kurudi siku moja na gari la kukodi, niko na mama miaka 68, inawezekana?

MtotoWaChumbageni:
Wakuu habari za humu. Mwezi wa 12 mimi na mama tunaenda Muscat, Oman, kwa mama mdogo, wiki mbili hivi. Mama mdogo anakaa Seeb, mumewe yuko kazini muda wote na yeye mwenyewe haendeshi. Sasa mama tangu tumekata tiketi ni Nizwa, Nizwa, Nizwa, maana babu yake alikuwa akisema asili yao ni huko na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kufika. Nimewaza nikodi gari Ijumaa moja tutoke asubuhi turudi usiku. Mimi Dar naendesha kila siku, Mbezi mpaka Posta na foleni zake zote, ila kuendesha upande wa kulia sijawahi hata siku moja. Barabara ikoje, gari ndogo inatosha au ni lazima 4x4 maana naona milima tu kwenye ramani, na je siku moja inatosha au nitakuwa namchosha mzee bure? Mama magoti yanamsumbua kidogo. Na lile soko la mbuzi ninaloliona kwenye video lipo kweli au ni la watalii? Mwenye kujua anisaidie.

BabaWaBuguruni:
Dada barabara isikuumize kichwa kabisa, ni lami tupu njia pana mpaka mlangoni, kama kilomita 160 kutoka Muscat mjini, nyie wa Seeb mnapunguza kidogo. Mwendo wa saa moja na nusu mmefika. Saluni ndogo inatosha sana. Shida ni mazoea. Mimi nilienda mwezi wa pili mwaka juzi, siku ya kwanza kila nikitaka kukata kona nawasha waipa, mana indiketa ipo kushoto na mkono wangu umeshazoea magari yetu ya Kijapani, jua linawaka waipa zinakwangua kioo kikavu watu wananiangalia tu. Mara mbili nimefungua mlango wa abiria nikakaa nikaanza kutafuta usukani hahaha. Chukua gari siku moja kabla, zunguka mitaa ya hapo Seeb usiku kukiwa kumetulia. Kipilefti za kule ni kipiraiti, unazunguka kwa kulia na unayemuangalia ni anayetoka kushoto kwako, huyo ndo mwenye haki. Hapo ndo nilipopigiwa honi nyingi.

Halafu hili watu hawaambiwi, uliza kilomita ngapi kwa siku. Mimi mkataba uliandikwa 200 tu kwa siku, Nizwa kwenda na kurudi tayari umepita, kila inayozidi unalipia. Na piga video gari lote kabla hujasaini, mpaka rimu na chini ya bampa. Hao nilochukua kwao siwataji ila walinikata kwenye dipoziti kwa mkwaruzo niliokuta upo, sikuwa na ushahidi nikabaki nalalamika mwenyewe. Leseni ya kimataifa katengeneze hapa kwetu kabla hujaondoka, wenye magari wengi wanaiulizia.

Spidi mwisho 120, ukigusa hapo gari linaanza kulia tii tii tii. Usilizoee. Tochi za kule hakuna askari wa kubembeleza, ni kamera juu ya nguzo, faini inakuja kwa mwenye gari na wewe unakatwa ukiwa umesharudi Bongo.

BiMkubwaRuwi:
Mwanangu karibu sana wewe na mama yako. Mie nnakaa huku tangu 1974, nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Soko la mbuzi lipo na ni la kweli, watalii wamelikuta na wataliacha. Ni Ijumaa asubuhi tu, na likianza kuchomoza jua limeshapamba moto, saa tatu u nusu watu washatawanyika. Kwa hivyo swalini alfajiri mtoke saa kumi na moja u nusu, saa moja mko pale. Mnunuzi anasimama pembeni, mwenye mbuzi anazunguka naye kwenye duara anataja bei kwa sauti, ukimtaka unamsimamisha, unamfungua mdomo unatazama meno, unampapasa mgongo. Mtasukumwa kidogo, mama yako asisimame mbele kabisa maana fahali wakipitishwa hawana adabu.

Mkishamaliza hapo ingieni sokoni penyewe, ni palepale chini ya ngome. Tende, vyungu vya Bahla, majambia ya fedha (bei usiulize). Halua muonje kabla hamjanunua, watakupeni kijiko na kikombe cha kahawa ya hiliki. Ni halua ileile yetu, zafarani na samli na marashi, ila huku wanaiwacha laini zaidi. Ikifika karibu na swala ya Ijumaa kila kitu kinafungwa, maduka mpaka alasiri. Watu wengi wanalikosa hili, wanakuja saa sita mchana wanakuta paka tu.

Kiswahili msijali, mtakikuta. Sisi tuliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wale walioitika mwito wa kurudi alipoingia Sultan Qaboos 1970, tumetapakaa mpaka huko ndani. Mama yako akae tu avae kanga yake aseme kwa sauti, watakuja wenyewe.

Jambo moja nakuomba, mvua ikinyesha milimani usilivuke bonde lenye maji hata ukiona wenzako wanavuka. Kila mwaka tunazika watu kwa hilo.

Mvita_Old:
Kwa wenzetu wa pwani hiyo ngome si ya kupita hivihivi. Ule mnara mkubwa wa mviringo aliujenga Imamu Sultan bin Saif, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, na mwanawe Saif bin Sultan ndiye alokuja kuwatoa hapa kwetu Mombasa, Ngomeni, Fort Jesus, mwaka 1698. Mimi nimekua nikicheza mpira nje ya kuta za Ngomeni, siku nlosimama juu ya mnara wa Nizwa nikasema kumbe ugomvi wetu ulipangiwa huku jangwani kwenye mitende. Huo mnara ndani si mtupu, nusu ya chini umeshindiliwa udongo na mawe ili mizinga isiutoboe. Ngazi zake zina kona, na kila mlango juu yake kuna tundu, adui akifika anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Kaangalie na chumba cha tende, sakafu imechongwa mifereji, magunia yakipangwa yakalaliana asali inajichuruza yenyewe mpaka kwenye mtungi.

Ushauri wangu mkitoka hapo unganisheni ngome za Bahla na Jabrin, si mbali, kama kilomita 40 mbele. Bahla iko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 1987 lakini ndani hamna kitu, kuta tupu. Jabrin ndo tamu, dari zimechorwa maua na aya, aliijenga Bil'arab ndugu yake huyo Saif, na kaburi lake limo humohumo chini.

BabaWaBuguruni:
@Mvita_Old mkuu umesoma swali? Mama miaka 68 na magoti unampandisha ngome tatu siku moja? Mimi nilifanya hiyo ratiba na nna miaka 34, ya tatu nimeishia getini nakula chipsi ndani ya gari.

Mvita_Old:
Haya yakhe, nimekubali. Nizwa moja na jumba la makumbusho la Manah basi, lile jipya la 2023. Hilo hapo karibu tu, lina kiyoyozi na viti.

BiMkubwaRuwi:
Na Falaj Daris msiipite. Ni mfereji wa maji wa zamani mno, unatoka chini ya ardhi unakuja kunywesha mitende mpaka leo, ulitiwa UNESCO 2006 na mingine minne. Pana bustani, vivuli, unashuka ngazi chache tu. Wakati maduka yamefungwa ndo mahala pa kukaa. Chukueni mkeka na chakula chenu. Mlima wa Jabal Akhdar acheni, pale Birkat al Mouz pana kizuizi cha polisi na saluni hairuhusiwi kupanda.

Kijana_Tabata:
Wese bei gani huko wakuu

BabaWaBuguruni:
Haifiki robo rial kwa lita. Unakaa ndani ya gari jamaa wa sheli anakujazia, usishuke.

MtotoWaChumbageni:
Wadau nimerudi, nimeona si vizuri kuuliza halafu nikapotea.

Tulitoka saa kumi na moja na dakika arobaini, mama mdogo naye akajichomeka, na chapati na chupa mbili za chai. Waipa nimeziwasha mara nne @BabaWaBuguruni, nilihesabu. Gari ililia tii tii mara moja tu nikashtuka mpaka mama akaanza kusoma dua. Sokoni tumefika watu wamejaa, vumbi, mbuzi wanalia, wazee wamevaa kanzu na majambia kiunoni wengine bakora mkononi. Mimi nilikuwa napiga picha, nageuka mama hayupo. Namkuta ameinama amemshika beberu mdomo anaangalia meno na mzee mmoja anamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "huyo bado kijana, bibi, meno mawili tu". Mzee kazaliwa Tabora. Wakaanza hapo, nani alikuwa na duka wapi, treni ya Kigoma, maembe ya Tabora, mimi na mama mdogo tumesimama kama mizigo. Kuhusu babu hakujua kitu, alimuuliza mama jina la kabila akasema hao wengi wako upande wa Ibra siyo Nizwa. Mama alinyamaza kidogo akasema basi ni karibu tu.

Ngomeni tulilipa rial 5 kila mgeni, naona ni nyingi ila sijutii. Ngazi mama alipanda nusu, akakaa kwenye chumba cha tende na mama mdogo wakabishana kama asali ile ingefaa kwenye mkate wa ufuta. Mimi nilifika juu peke yangu. Mitende pande zote, halafu milima mikavu rangi ya kahawia, hakuna katikati. Manah hatukufika. Falaj Daris ndo tumekaa mpaka alasiri, mama katia miguu kwenye maji, visamaki vinamdonoa anacheka, magoti kasahau.

Gari nimerudisha na kilomita 318, mkataba 250, nikalipia 68 za juu kwa baisa 50 kila moja, rial tatu na baisa mia nne. Video nilipiga. Dipoziti bado haijarudi, nasubiri.

BiMkubwaRuwi:
Alhamdulillah. Na mbuzi je?

MtotoWaChumbageni:
Alifika rial 90, mzee akakataa. Mama anasema kamwekea mpaka Ijumaa ijayo. Sisi tunaondoka Jumatano.