Mhitimu anayetaka kazi ya duka la nguo Unguja: waajiri hutafuta nini hasa?

Mhitimu wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Nimemaliza shahada ya biashara mwaka huu, na kwa kuwa nguo nimezizoea tangu utotoni (mama yangu alikuwa akishona madera nyumbani), nimeamua kuomba kazi katika maduka ya nguo badala ya kungojea ajira za serikali. Nimekwenda maduka matatu ya Darajani na Mlandege. Kila mwenye duka alikitazama cheti changu kwa adabu, kisha akaniuliza mambo ambayo darasani hatukuyagusa. Mmoja alinipa kitambaa mkononi akataka nimwambie kama ni pamba au polista. Naomba wenye uzoefu wanieleze ni ujuzi gani unaotafutwa kwa mtu ambaye hajawahi kusimama dukani.

Mwenye duka, Mlandege
Waalaykum salaam, mwanangu. Suali langu la kwanza kwa mhitimu huwa la hesabu. Gauni limenigharimu shilingi 20,000 pamoja na nauli ya mzigo, nami naliuza 30,000. Faida ni asilimia ngapi? Wengi hujibu 50 wakanyamaza. Ni kweli ukipima kwa gharama, lakini ukipima kwa bei ya kuuzia ni theluthi moja tu, na asiyeijua tofauti hiyo humpunguzia mteja asilimia 40 akidhani bado ana faida, kumbe ameuza kwa 18,000, chini ya mtaji.

La pili ni mzigo unaolala. Saizi za katikati huisha mapema, zikabaki ndogo sana na kubwa sana, na fedha yangu imekaa humo. Namtaka mtu anayeandika kila jioni kilichotoka, kwa saizi na kwa rangi, ili nikiagiza Dubai au Guangzhou nisiagize kwa kubahatisha. Nguo za Sikukuu zisipofika rafuni kabla ya Ramadhani kufika nusu, utakaa nazo mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Sikukuu Kubwa.

Bi Kanga, Chake Chake
Kuhusu kitambaa, mwanangu, chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, ikipoa huwa kitone kigumu. Ukikutana na nguo iliyochanganywa, majibu nayo yatachanganyika.

Lakini kwetu sisi wauza kanga kuna ujuzi mwingine. Niliwahi kumwajiri kijana msomi, mwepesi wa kompyuta, aliyejua kwamba kanga huuzwa kwa doti (vipande viwili) na ina pindo, mji na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, ila jina lenyewe hakulisoma. Akamuuzia mteja doti yenye kijembe kikali, naye mteja akaipeleka zawadi kwa mkwewe. Doti ilirudi siku ya pili, mteja hakurudi tena. Muuzaji anatakiwa aulize kwanza: kanga hii ni ya nani, na ya shughuli gani?

Muuzaji wa Shangani
Nakubaliana na wakubwa zangu, ingawa kwenye maduka ya watalii mizani hubadilika. Hapa lugha ya pili ya kigeni, hasa Kiitaliano au Kifaransa, huweza kukuweka mbele ya mwenye shahada, na lazima ujue kwamba saizi 38 ya Ulaya ni karibu na 10 ya Uingereza. Piga pia picha za nguo kwa simu katika mwanga wa asubuhi, kwani rangi ikidanganya kwenye picha, nguo hurudishwa.

Hata hivyo tusimtwishe mhitimu lawama zote. Wako waajiri wanaolalamika kuwa vijana hawana ujuzi, halafu nafasi wakampa mpwa wao, au wakamweka mtu miezi mitatu "kwa majaribio" bila malipo. Ndugu yangu, kabla ya kuanza, patana muda wa majaribio na posho, na iandikwe.

Mhitimu wa Kikwajuni
Nawashukuru nyote. Jumatatu narudi kwa yule wa kitambaa, na kibiriti mfukoni.

Bi Kanga, Chake Chake
Uzi mmoja tu, mwanangu, na uuchomee nje ya duka.