Tupeane uzoefu: siku yako ya kwanza kwenye kaunta ya begeli

Binti Makorora (Queens, New York)
Ndugu zangu, Jumamosi nilipita mbele ya bekari ya mtaani kwetu inayouza begeli, ile mikate ya mviringo yenye tundu katikati, nikaona foleni imetoka nje ya mlango hadi kituo cha basi, nikakumbuka yaliyonipata hapo miaka minne iliyopita, nikiwa na wiki mbili tu tangu nifike Marekani. Ubao wao una sandwichi zaidi ya ishirini, na majina yake hayakuambii kilichomo ndani. Nilipofika mbele, kijana wa kaunta aliniuliza kwa pumzi moja: begeli ya aina gani, ipashwe au isipashwe, jibini laini ipi, ikatwe au ifungwe nzima. Nikajibu "ndiyo". Akarudia maswali, nikajibu "ndiyo" tena, na watu wa nyuma wakaanza kuguna. Nilipewa begeli iliyojazwa biringanya za kukaanga, yai la kuchemsha na achari ya embe. Nilikaa kwenye ngazi za jirani nikaila huku machozi yananitoka, kisha nikanyamaza, kwa sababu ile achari ilikuwa na ukali uleule wa achari ya mama. Na ninyi ilikuwaje?

Baba Pacha (New Jersey)
Hiyo ya kujibu "ndiyo" kwa kila swali ilinipata mimi pia, dada yangu.

Fundi wa Zamu ya Usiku (Brooklyn)
Nimeoka begeli kwa miaka sita, na naomba mwelewe kwamba maswali yale hayaulizwi kwa dharau, kwani kila jibu linabadilisha kazi ya mikono. Kinyunya chake ni kigumu kuliko cha mahamri. Tunakiviringa pete jioni, tunaziweka pete kwenye baridi usiku kucha ziumuke polepole, na kabla ya alfajiri tunazichemsha kwa muda mfupi katika maji yenye kimea cha shayiri, ndipo ziingie tanurini. Kule kuchemshwa ndiko kunakoipa begeli ganda linalong'aa na ndani inayotafunika. Kwa hiyo iliyotoka tanurini saa kumi na mbili asubuhi usiombe ipashwe. Ipashe ya jana. Nikijaza sandwichi yenye mchuzi, hupaka jibini pande zote mbili hadi lizibe tundu, la sivyo mchuzi utakuishia kiganjani.

Mwana wa Bukavu (Montreal)
Kaka Fundi, kwa heshima zote, hiyo shida ya tundu mmejiletea wenyewe kwa kugeuza begeli kuwa sandwichi. Huku kwetu begeli ni nyembamba, tundu lake ni kubwa, huchemshwa katika maji yenye asali na kuokwa katika tanuri la kuni. Bekari ya St-Viateur wanafanya hivyo tangu 1957. Unanunua dazeni ya ufuta ikiwa bado ya moto, unaanza kula barabarani kabla mfuko haujafungwa, na huna haja ya kujaza chochote.

Fundi wa Zamu ya Usiku
Mdogo wangu, mtu anayetoka zamu ya usiku anahitaji yai na jibini ndani ya mkate, hawezi kushiba kwa ufuta.

Shangazi wa Stratford (London)
Msigombane. Huku Brick Lane huandikwa "beigel" na wenyeji wa zamani hutamka "baigeli". Mtaa huo ulikuwa wa Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki, baadaye wakahamia Wabengali, lakini bekari ya Beigel Bake imebaki na inafunguliwa saa 24. Sandwichi yao ina nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na kuchemshwa hadi ikalainika, pamoja na tango la achari na haradali. Kuhusu haradali nawaonya kwa dhati: mara ya kwanza nilimwambia dada wa kaunta apake kwa ukarimu, nikashindwa kuongea hadi tulipofika Whitechapel.

Bint Unguja (Queens)
Mimi kilichonitia simanzi ni kikaango. Niliagiza yai na jibini, nikasisitiza kwamba sitaki nguruwe, naye akaitikia vizuri kabisa, kisha akalivunja yai langu palepale alipotoka kukaanga bekoni ya mteja mwingine, mafuta yakiwa bado yanachuruzika. Nililipa, nikaiacha juu ya meza, nikaondoka.

Baba Pacha
Mwambie tu asafishe kikaango kwanza.

Mlezi wa Minneapolis
Kukifuta kwa kitambaa si kukisafisha. Agiza vitu vya baridi, dada, kama saladi ya samaki au jibini na matango. Lakini nimeingia hapa kwa sababu neno "begeli" limenigusa pabaya. Mwaka juzi nilipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nikabakiza kipimo cha mkojo tu, kile cha kutafuta dawa za kulevya. Asubuhi ya kipimo nilipita bekari ya jirani kujipongeza, nikaagiza sandwichi yao mpya ya samoni na viazi vya kukaanga, katika begeli iliyofunikwa mbegu za popi hadi ikawa nyeusi. Siku tatu baadaye nikapigiwa simu: mkojo wako una mofini. Mimi ambaye sijawahi kugusa hata sigara! Mume wangu alinitazama usoni kwa muda mrefu bila kusema neno, na mtazamo ule uliniuma kuliko ile simu. Nilirudi kwenye gari, nikalikuta karatasi la begeli chini ya kiti, mbegu bado zimeshikamana na jibini, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki kama ushahidi. Namshukuru Mungu, daktari aliyepitia majibu aliniuliza nilikula nini. Nilipimwa upya, nikaonekana safi, lakini wiki mbili za mshahara zilipotea.

Baba Pacha
Pole sana. Mbegu za mkate zinawezaje kufanya hivyo?

Muuguzi wa Houston
Zinaweza. Mpopi ni mmea uleule unaotoa afyuni, ambamo mofini hupatikana, na utomvu wake hugusa mbegu wakati wa kuvuna. Kuosha na kuoka hupunguza lakini hakumalizi. Ndiyo maana mwaka 1998 serikali kuu ya Marekani ilipandisha kiwango ambacho mkojo ukikifikia mtu huhesabiwa ametumia dawa, kwa wafanyakazi wake, kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita, ingawa waajiri binafsi wanaweza kubaki na kile cha chini. Mwaka 2023 hata wanajeshi waliambiwa wajiepushe na mbegu hizo. Mwenye kipimo wiki hii achague ya ufuta.

Mwana wa Bukavu
Nilisema ya ufuta tangu mwanzo.

Fundi wa Zamu ya Usiku
Mkiagiza ile yenye kila kitu, jueni kwamba "kila kitu" ni ufuta, kitunguu, kitunguu saumu, chumvi na hizohizo za popi. Na ombeni kuona begeli kabla haijajazwa. Hakuna fundi mwenye adabu atakayekataa.

Bint Unguja
Binti Makorora, ile ya biringanya bado wanaiuza? Haina nyama, itanifaa.

Binti Makorora
Bado ipo, ni ya tatu kutoka juu kwenye ubao, na biringanya wanazikaanga kwenye sufuria yake ya peke yake, niliuliza Jumamosi. Njoo kabla ya saa tatu, achari huwahi kuisha.

Shangazi wa Stratford
Mlezi, na ile kazi uliipata?

Mlezi wa Minneapolis
Niliipata, Shangazi. Nipo zamu sasa hivi.