Bibo sio tunda??

Mama Zuu: Asalam aleikum jamani, nani anajua baiolojia humu, Zuu kapewa kazi ya shule ataje mfano wa tunda la uongo, mi nimebaki kucheka tu ndo lipi hilo

Bamdogo Hamisi: Waleikum salaam shemeji. La plastiki la kupambia meza 😂😂

Rehema: Bamdogo acha hizo. Aandike bibo, lile la mkorosho linaloning'inia na korosho

Shangazi Mtwara: We Rehema!! Bibo tunalila tangu wadogo, watu wanakamua uraka humo, ile pombe ya mabibo, leo unaliita la uongo?

Rehema: Shkamoo shangazi. Kuliwa linaliwa ila tunda halisi linatokana na ovari ya ua, ua likisharutubishwa ovari inavimba inakuwa tunda. Sasa kwenye mkorosho ovari ndo inakuwa ile korosho na ganda lake, bibo ni kikonyo cha ua tu kimenenepa. We si unaona shambani korosho ya kijani inatangulia kukua, bibo linajaa baadae

Shangazi Mtwara: Marahaba. Hilo la kutangulia kweli kabisa. Na yale mafuta ya ganda yanayobabua mikono?

Rehema: Yako tabaka la katikati la ganda, mbegu ndo ile nyeupe tunayokula

Mama Zuu: Zuu anauliza na nazi, eti mwalimu kasema ni drupu, yaani tunda la kokwa, sawa na embe, mbona hazifanani hata kidogo

Rehema: Tabaka ni zilezile tatu. Embe lina ganda la nje, nyama, afu lile gumu la kokwa lililofunika mbegu. Nazi ina ngozi ya nje, makumbi, afu kifuu. Kwaiyo makumbi ndo yamekaa pale penye nyama ya embe, na ile tunayokuna ni chakula cha mbegu, hata maji ya dafu

Bamdogo Hamisi: Ndo maana kuna maembe yana nyuzi zinabaki kwenye meno wiki nzima 🤣 na nanasi je

Rehema: Hahaa. Nanasi ni maua mengi yameshikana, kila jicho lilikuwa ua lake. Fenesi pia

Mama Zuu: Haya kaandika bibo, anataka kuchora

Shangazi Mtwara: Achore korosho iko chini ya bibo!! Nyie wa Dar mnaichoraga juu kama kofia