Kijana mwenye usonji amefiwa na baba, mazishi Jumamosi: tumwambie nini?

Shangazi_K
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu amefariki jana hapa Dar, mazishi ni Jumamosi nyumbani Marangu. Ameacha kijana wa miaka 15 mwenye usonji. Anaongea sentensi fupi, picha anazielewa vizuri, na anameza dawa za kifafa asubuhi na jioni. Baba yake ndiye aliyekuwa akimnyoa na kumpeleka shule. Mpaka sasa ameambiwa "baba amesafiri", na kila baada ya dakika chache anauliza atarudi lini. Wazee wengine wanataka abaki Dar kwa jirani mpaka matanga yaishe. Tumwambie nini? Aende? Auone mwili?

Mwl_Kitengo
Pole sana dada, poleni na msiba.

Hilo la "amesafiri" lirekebisheni leo leo. Yeye huchukua neno kama lilivyo: aliyesafiri hurudi, basi atamngoja, na siku mama yake akisafiri kweli mtaona kazi. "Amelala" ni baya zaidi, maana ataogopa kitanda. "Mungu amempenda zaidi" nalo lisubiri. Kwanza aelewe kilichotokea mwilini. Mtu mmoja aliyemzoea akae naye pasipo kelele, amwambie:

"Baba amekufa. Moyo wake umesimama. Hapumui, hasikii, haumwi. Mtu aliyekufa harudi. Baba hajasafiri, tulikosea kusema hivyo. Mama yupo. Utakaa na mama."

Halafu nyamaza. Atauliza tena na tena, na jibu liwe maneno yale yale. Kila ndugu akija na lake, mtoto anarudi mwanzo, kwa hiyo liandikeni kwenye karatasi na kila anayekaa naye aisome. Asipolia msiseme hajaumia. Anaweza hata kucheka katikati ya ibada; mzee mmoja wa ukoo aelezwe mapema ili awatulize watakaonong'ona kuhusu adabu au mapepo.

Kwa maoni yangu aende. Mchoreeni picha sita mfululizo: gari, nyumba ya babu, turubai na watu wengi, jeneza, kaburi, gari la kurudi Dar. Hiyo ya sita ndiyo husahaulika, na ndiyo inayomtuliza, maana asiyejua shughuli inaisha lini hulipuka katikati. Kila hatua ikipita akate picha kwa kalamu.

Na kwa kuwa kaburi litakuwa kihambani (shamba la ukoo linalozunguka nyumba), hatua chache kutoka mlangoni, atalikuta kila likizo. Aambiwe wazi kwamba mwili uliomo hausikii baridi, kiu wala giza. Asipoelezwa anaweza kwenda kufukua ili amtoe baba.

Mdau_Rombo
Kwenda sawa, ila mwili asioneshwe. Watoto hawa picha ikiingia haitoki.

Nesi_AfyaAkili
Hofu yako naielewa ndugu, lakini kinachowaumiza zaidi ni kushtukizwa. Aulizwe, na "hapana" yake iheshimiwe. Akikubali, aelezwe kabla: baba atakuwa ndani ya jeneza, macho yamefumba, puani kuna pamba, rangi ya ngozi imebadilika, mkono ni wa baridi na mgumu kwa sababu damu haizunguki. Aingie kabla foleni ya kuaga haijaanza, akiwa na mtu mmoja, dakika moja au mbili. Akitaka kutoka atoke, asishikwe bega kurudishwa.

Sasa mambo ya mwili, ambayo msibani hupotea kabisa.

Dawa za kifafa zikae kwenye mkoba wa mtu anayekaa naye kiti kimoja, si kwenye buti la basi chini ya mabegi ya watu arobaini. Bebeni za siku kadhaa za ziada, na mtu mmoja tu awe na jukumu la kumpa. Kukatisha dawa ghafla, kukosa usingizi na kukaa na njaa, kila kimoja kinaweza kuleta degedege, na msiba huleta vyote vitatu usiku mmoja. Degedege likipita dakika 5, hospitali moja kwa moja.

Kelele: tafuteni vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine, vinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Awe na chumba chake mbali na spika, chakula alichozoea (pilau la msibani huenda asiliguse), na namba ya simu ya mama mfukoni, kwa sababu anaweza kutoka kwenda kumtafuta baba.

Baadaye, daftari: saa alizolala, alichokula, choo, kujigonga au kujing'ata. Mabadiliko huweza kuja baada ya miezi, wakati ninyi mmeshatulia. Ila akianza kujipiga kichwa msikimbilie kusema ni huzuni. Kagueni meno, masikio, na kama amefunga choo. Akisema "nataka kwenda kwa baba", muulize waziwazi kama anamaanisha kufa au kaburini kutembea. Akitaja kufa, au akigoma kula na kunywa, au akaanza kuganda mkao mmoja na kuacha kuongea, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kule mkiwa msibani, hospitali ya KCMC ya Moshi ipo karibu, na mkisharudi kuna idara ya afya ya akili Muhimbili.

Shangazi_K
Asanteni sana. Ameshaambiwa, amerudia "harudi" mara nyingi na kwenda kupanga vizibo vyake. Shida sasa wajomba wanamwambia "wewe ndiye baba wa nyumba". Na nguo za marehemu zinagawiwa siku ya kumaliza matanga.

Mwl_Kitengo
Wajomba waombeni waache. Anaweza kuamini kweli kwamba mshahara na kodi ya nyumba ni juu yake.

Nguo: kabla ya kugawa achague mbili tatu, na moja isifuliwe, ibaki na harufu. Shati ambalo baba alilivaa mara nyingi msimpe mtu atakayelivaa mbele yake.

Kunyoa, msimshike kwa nguvu hata kama mila inataka nywele zitoke. Atakayemnyoa siku zijazo atumie mashine ile ile ya baba, kiti kile kile. Shuleni arudi mapema, aanze nusu siku, na mwalimu apewe ile karatasi.

Na simu ya baba: kama anajua kupiga, atapiga. Iwekeni laini hai kwa kuitumia mara kwa mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mteja mwingine. Siku akipiga akajibiwa na mwanaume asiyemjua, mtaanza upya kumweleza.